Bao la Kwanza la Mkamburi

Jumamosi ya tarehe kumi na tano Februari, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mwamuzi wa mpira wa magongo alisimama katikati ya uwanja wa Voi akiwa ameshika gongo la mti wa mforosadi. Aliligeuza mara mbili, akasema gongo hilo halitachezewa. Hakusema kwa ukali. Alisema kama karani anayekurudishia fomu uliyosahau kutia sahihi. Ukingoni mwa uwanja walikaa mashabiki watatu waliosikia, na nyuma yao alikaa mwanamke aliyekuja na kikapu cha ndizi za kuchemsha. Mwanamke huyo alimwona mumewe akivua kofia, kama mtu anavyofanya mazishi yakipita.

Jina la mwanamke huyo ni Mghoi. Hadithi hii tutatembea nayo tukiwa karibu naye, kwa sababu mwisho wake uliwekwa mapajani mwake. Mwenye haraka na atangulie. Sisi twende polepole, kwa maana mbele kuna swali, na atakayesinzia njiani hatakuwa na la kujibu.

Mji ule una timu ya wanawake iitwayo Nyota ya Mkonge. Mashabiki wake ni wengi, lakini watatu walijulikana kuliko wote, kila mmoja kwa kipawa chake.

Mzee Mwachofi alikuwa jicho. Alifanya kazi ya ishara za reli miaka thelathini, na treni ilipokuwa bado ni nukta upande wa Maungu, yeye alikwisha kujua kama ni ya mizigo au ya abiria, na kama dereva ana usingizi. Alipostaafu alilihamishia jicho lile uwanjani. Wengine wakitazama mpira ulipo, yeye alitazama mchezaji ambaye hana mpira, akasema huyu atafaa, yule hatafaa, na msimu ukiisha watu walikumbuka alivyosema.

Mwasaru, mumewe Mghoi, alikuwa mikono. Alikuwa seremala. Magongo ya timu yaliyopasuka yalipelekwa kwake, naye aliyaunga kwa gundi na uzi wa katani, yakarudi uwanjani yakiwa na nguvu kuliko yalipokuwa mapya. Alisema maneno machache. Ukimsalimia, alikutazama kwanza kama ubao anaotaka kujua umenyooka au umepinda, ndipo akaitikia.

Shali alikuwa mdomo. Aliuza viatu vya mitumba sokoni, na watu walisema kwamba aliwahi kumuuzia mchungaji viatu vya mpira vya mvua katikati ya kiangazi, na mchungaji akamshukuru. Alikuwa mdogo kwa wenzake kwa miaka ishirini, lakini wao ndio waliongoja azungumze.

Walikaa ngazi ya tatu ya jukwaa la saruji, Mwachofi kulia, Shali kushoto, Mwasaru katikati. Mwachofi alipenda kusema kwamba Mwasaru amewekwa pale kama kipande cha mbao kati ya vigae viwili, visisuguane vikavunjika.

Sasa sikilizeni desturi ya klabu ile, maana bila hiyo hakuna hadithi. Mchezaji akifunga bao lake la kwanza, mpira ule hauchezwi tena. Unaoshwa, anapewa mfungaji, naye kabla ya mechi ya kwanza ya ligi humkabidhi mtu mmoja, yule aliyemfikisha uwanjani. Si lazima awe mzazi au kocha. Aliyepewa hukaa nao nyumbani, na siku akifa mpira hutangulia mbele ya jeneza lake, ili njia nzima ijue kwamba huyu alimwinua mtu. Anayestahili akiwa alikwisha kuzikwa kabla ya kupewa, mpira huwekwa kaburini kwake chini ya msalaba. Zamani ndugu wawili waligombania mpira mmoja, wakaupasua kwa msumeno wagawane. Ndani walikuta nyuzi na gome laini kama la kizibo cha chupa, na timu ikamaliza msimu mzima bila ushindi hata mmoja. Tangu siku ile hakuna aliyetaja tena kugawana.

Kwa miaka yote waliyokaa pale, hakuna hata mmoja kati ya watatu wale aliyekuwa amepewa mpira.

Ilianza mwezi wa Novemba, Mwachofi alipokwenda sokoni kununua vitunguu. Kwenye kibanda cha vitunguu alikuwepo msichana wa miaka kumi na tisa aitwaye Mkamburi, akifagia. Gunia lilikuwa limepasuka, na vitunguu vilikuwa vinabiringika kuelekea mtaroni. Msichana hakuinama. Alivizuia kwa ufagio, kimoja kimoja, akavisukuma vikarudi kwenye gunia, huku akibishana na mteja kuhusu bei na macho yake yakiwa kwa mteja. Hakuna kitunguu kilichofika mtaroni. Mwachofi alisimama robo saa, akarudi bila vitunguu.

Jioni ile alikuja kwa Mwasaru, Shali akiwepo, akasema amemwona mtu mwenye mkono. Shali alimuuliza kama wengine wote sokoni walikuwa hawana mikono. Akamkumbusha pia kwamba mzee wa umri wake akianza kusifu mikono ya wasichana, wanawe huitwa kikao. Mwachofi hakucheka. Alisema msichana anafagia kwa mkono wa kushoto, akaliacha jambo hilo lipite kama mtu anayetaja rangi ya nguo.

Lipo jambo lingine ambalo Mwachofi hakuwaambia wenzake, ila alimwambia Mghoi siku moja alipokuwa akimtilia chai. Daktari alikuwa amemkuta na presha ya macho, na kinachopotea kwa ugonjwa huo hakirudi. Jicho la kulia lilikuwa tayari linaona kama kwa kupitia bomba. Mghoi alimwombea, na siri akaiweka.

Msichana akaitwa, akaja, akapewa gongo la kawaida. Alihangaika nalo. Mikono ilijikunja, mpira ukampita, akaukimbilia, ukampita tena. Shali alisema labda turudi kwenye vitunguu. Mwasaru alimtazama msichana, kisha akasema, "Mtoto hana kosa. Gongo ndilo lina kosa."

Akaenda kwa mchungaji kuomba tawi la mforosadi ulio nyuma ya kanisa. Kisha akachukua sufuria kubwa ya Mghoi, ile ya kupondea kimanga cha muhogo na maharagwe siku za wageni, akachemsha maji, akaufukiza mti mpaka ukalegea, akaupinda. Mghoi alilalamika, na mpaka leo sufuria ile ina doa jeusi lisilotoka. Gongo lilikaushwa siku tisa chini ya kitanda chao. Lina uso bapa wa kupigia upande mmoja, na mgongo wa mviringo upande wa pili, kama magongo yote. Tofauti ni kwamba Mwasaru alichonga uso bapa upande wa kulia, ulingane na mkono wa kushoto. Lilikuwa gongo la kwanza la aina hiyo kuonekana Voi, na, kama walivyokuja kujua, la mwisho.

Shali ndiye aliyetaka iwe siri. Alisema kitu kizuri hakitandazwi barabarani, kinafunuliwa kwa ghafula, na kocha Otwori akimwona msichana huyu kwa mara ya kwanza kwenye mechi ya majaribio, atakosa pa kuuweka mdomo wake. Kwa hiyo kwa miezi mitatu Mkamburi alitoka sokoni kila siku saa kumi, akaja uani kwa Mwasaru, akapiga mpira kwenye ubao uliopigiliwa misumari ukutani. Ulimjia kutoka upande wake wa kushoto, naye aliupiga ukiwa huko huko kushoto. Mghoi akiwa jikoni alisikia mlio, tap, tap, mpaka akazoea, na siku msichana alipokuwa na homa alishangaa nyumba ilivyo kimya. Alimpikia uji. Mkamburi alikuwa akimwita nyanya, na kumwita Mwasaru babu. Wao hawakujaliwa watoto, na Mghoi hakuwahi kumnung'unikia Mungu kwa hilo. Lakini neno nyanya lilimwingia kama maji ya moto katika siku ya baridi.

Sasa mnajua kilichotokea Februari kumi na tano. Mwamuzi alipitisha magongo yote kwenye pete ya chuma, kupima unene. La Mwasaru likapita bila kugusa, na Shali akapiga kofi moja la majivuno. Kisha mwamuzi akaligeuza.

Sheria ya mchezo huu ni moja ulimwenguni kote. Uso bapa huwa upande wa kushoto tu, na mwenye mkono wa kushoto hucheza kwa gongo lile lile la wenzake. Watatu wale walikuwa wametazama mechi zaidi ya mia tano, na hakuna aliyewahi kuuliza. Hawakuwahi kumwona mchezaji wa mkono wa kushoto, wakadhani hawapo. Kumbe walikuwepo siku zote, wakicheza kwa kulia.

Mkamburi alipewa gongo la kuazima. Kwa dakika kumi alikosa mpira mara tatu, na mara ya nne akaanguka. Mtu mmoja nyuma ya goli akamwambia arudi kufagia. Mwasaru hakungoja mechi iishe. Alichukua gongo lake, akatembea kwenda nyumbani, akalitundika karakanani nyuma ya mlango, mahali ambapo halionekani mlango ukiwa wazi.

Jumatatu kocha Otwori alibandika orodha ya msimu kwenye ukuta wa stoo, wachezaji kumi na wanane. Mashabiki walijaa pale kama ilivyo kila mwaka, kila mmoja akiwa kocha. Mmoja alitaka kujua kwa nini beki wa kulia ni yule yule, anayekimbia kama amebeba ndoo ya maji kichwani. Mwingine alimtetea, akasema angalau hajawahi kuimwaga. Mlinda mlango walimkubali wote kwa urefu, ila wakakubaliana pia kwamba akiinama, mpira unakuwa umekwisha kuusalimia wavu na kurudi. Walipofika jina la kumi na saba wakasogea karibu. Lilikuwa Mkamburi, limechapwa vizuri, na juu yake umepita mstari wa kalamu.

"Hilo limekufa," akasema mmoja.

"Limelala," akasema Shali. "Kufa kuna mchungaji wake."

Kesho yake alifunga kibanda chake mchana, jambo ambalo soko zima lililizungumza, akaenda shuleni ambako Otwori alifundisha. Alikaa naye tangu baada ya chakula mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Otwori alimweleza kwamba timu si kanisa, kwamba ligi inaanza Machi ishirini na mbili, na kwamba wiki nne hazitoshi kumgeuza mtu aliyefundishwa kinyume. Shali alikubali kila neno. Alikiri kwamba wazo la kuficha lilikuwa lake. Kisha akaanza upya kutoka upande mwingine. Mwishowe alivua kiatu chake cha kushoto, akakiweka juu ya meza ya mwalimu, juu ya madaftari ya watoto.

"Kocha, mimi gunia langu likifunguliwa, cha kulia kinatoka leo, cha kushoto kinatoka kesho kutwa kikiwa chini kabisa. Ningekuwa natupa kila kiatu kisicho na mwenzake, ningekuwa nimefunga kibanda zamani."

"Sinunui kiatu, Shali."

"Hununui. Unajaribu tu. Kikikubana, vua."

Otwori alicheka, na mtu akicheka mbele ya Shali amekwisha kuuziwa. Alimpa Mkamburi robo moja ya mchezo, robo ya mwisho ya mechi ya mwisho ya matayarisho, Machi kumi na tano, kwa gongo la kawaida. Asipofaa, mstari wa kalamu ungebaki.

Shali alikwenda moja kwa moja kumpa Mwasaru habari. Alimkuta akipiga randa ubao ambao tayari ulikuwa laini. Mwasaru alimshukuru, akamuuliza hali ya watoto wake, akaendelea na randa.

Jumatano ya Majivu Mwasaru alirudi kutoka kanisani na alama kwenye paji la uso, akakaa karakanani bila kufanya kazi. Mghoi alimpelekea chai. Ndipo akasema maneno ambayo Mghoi amekuwa akiyasikia tangu siku hiyo kila anapotulia.

"Mghoi, nimempotosha mtoto wa watu. Miezi mitatu nimemfundisha kukosea."

Mghoi alimwambia anywe chai kabla haijapoa. Alifikiri jibu la kweli atalipata kesho. Kesho yake, Machi sita, saa tatu kasorobo asubuhi, alimkuta kwenye kiti kile kile, randa mapajani, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Moyo wake ulikuwa umesimama.

Alizikwa Jumanne. Watu walikuja wengi, wakaimba vizuri, na Mghoi aliwashukuru mmoja mmoja. Lakini njia nzima kutoka kanisani mpaka kaburini macho yake yaliangukia mahali pamoja, ile nafasi tupu mbele ya jeneza, ambapo mtu angetembea na mpira. Mkamburi alitembea nyuma, na wanawake, ameziba uso kwa leso.

Jumamosi ya mechi, mchana, Shali alisimama mlangoni kwa Mghoi. Alisema, "Mama, nafasi yake jukwaani ikae wazi?"

Mghoi alivaa nguo zake nyeusi, akaenda. Alikaa ngazi ya tatu, katikati, kipande cha mbao kati ya vigae viwili. Mwachofi alimshika mkono akauachia. Wageni walikuwa timu kutoka Mombasa, wepesi na wenye majivuno, na mpaka robo ya nne walikuwa mabao mawili kwa mawili. Kocha akamwita Mkamburi.

Dakika za kwanza hazikuwa nzuri. Alipoteza mpira mara mbili. Mwachofi aliuliza kwa sauti ya chini nani ana mpira, na Mghoi akaelewa kwamba haoni tena upande wa pili wa uwanja. Akaanza kumweleza. Mpira uko kwa wageni. Sasa uko kwetu. Sasa unakwenda kwa Mkamburi, Mzee, lakini umempita upande wa kushoto, upande mbaya.

Mpira ukiwa kushoto, mchezaji wa kawaida huuzunguka ili aupate kwa upande wake wa kulia, na akizunguka, beki anakuwa amefika. Mkamburi hakuzunguka. Mwili wake ulifanya jambo ambalo ulikuwa umelifanya miezi mitatu mbele ya ubao uani. Alishuka goti moja, akaligeuza gongo na kulilaza karibu na ardhi, akaupiga mpira huko huko kushoto ulikokuwa, kwa ukingo wa uso bapa, kama sheria inavyoruhusu. Mlio ulikuwa ule ule. Tap. Mlinda mlango wa wageni alikuwa bado anangoja azunguke.

"Mzee," Mghoi akasema, "umeingia."

"Najua," akasema Mwachofi. "Nimesikia." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

Mechi ilipokwisha Otwori alimuuliza Mkamburi amejifunzia wapi pigo lile, kwa maana yeye huwafundisha watu wazima miaka miwili na bado wanaliogopa. Mkamburi akamjibu, uani kwa babu Mwasaru. Kocha akatoa kalamu, akaenda ukutani, akaliandika jina la kumi na saba upya chini ya lile lililokatwa. Mpira ukaoshwa, akapewa Mkamburi. Ndipo mabishano yakaanza.

Mashabiki waligawanyika makundi matatu, wakabishana wiki nzima, sokoni, stesheni, hata mlangoni mwa kanisa. Waliokuwa upande wa Mwachofi walisema kwamba watu mia hupita pale kwenye vitunguu kila siku, na wote waliona msichana anafagia. Mmoja tu aliona mchezaji. Waliokuwa upande wa Shali walisema jicho likiona na mdomo ukanyamaza, limeota tu. Jina lilikwisha kukatwa, na ni nani aliyelifufua? Na wapo waliosema ni Mwasaru, kwa sababu bao lilifungwa kwa mkono alioufundisha yeye. Hao walijibiwa kwamba alichonga gongo lisiloruhusiwa, na kosa haliwezi kupewa tuzo kwa sababu limeangukia mahali pazuri.

Shali mwenyewe alikuja kwa Mghoi Jumatatu, akamwambia ana kwa ana. "Nisamehe, Mama. Nilimpenda mumeo. Lakini alikosea, nami nilikwenda kuliombea lile kosa lisamehewe. Maisha yangu yote watu hununua kiatu wakaisifu miguu yao. Mdomo haushukuriwi. Ningependa mara moja tu." Mghoi alimshukuru kwa kusema kweli, akamfungia ndizi.

Mwachofi alikuja Jumanne, akipapasa ukuta kwa fimbo. Alisema hataki kugombana na marehemu. Alisema pia kwamba yeye ndiye aliyeuona ule mkono wa kushoto kabla ya wote, na hakuuliza, kwa hiyo kosa la Mwasaru ni mtoto wa kosa lake. "Lakini shemeji, nimewatazama wachezaji miaka mingi, na Mkamburi ndiye wa mwisho nitakayemwona kwa macho yangu. Baada yake ni kusikia tu. Ningependa kuwa na kitu cha kushika."

Mghoi alimshukuru pia. Kwa upande wake hakumwambia mtu neno. Alikuwa na maneno ya mumewe peke yake, nimempotosha mtoto wa watu, na alijua kwamba mpira ule ukilala chini ya msalaba wake, maneno hayo yangepata jibu ambalo yeye alishindwa kulitoa chai ikiwa mezani. Alitaka hivyo kwa nguvu mpaka akaona haya mbele ya Mungu kwa kutaka.

Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya ligi, Mkamburi alikuja akiwa ameufunga mpira katika pembe ya leso. Aliufungua, akauweka mapajani mwa Mghoi.

"Nyanya, nimeshindwa. Nikimpa mmoja nawaumiza wawili. Amua wewe, nami nitamkabidhi utakayemtaja."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe peke yako hukudai."

Mghoi aliutazama mpira. Ulikuwa mweupe, na upande mmoja una alama ndogo ya udongo mwekundu ambayo sabuni haikuitoa. Alitaka kumwambia msichana kwamba hakudai kwa mdomo tu, moyoni alikuwa amedai. Badala yake alimwambia akae, ale, na arudi kesho jioni kwa jibu. Wakala kimanga. Kisha msichana akaenda uani, akalitoa gongo la mforosadi nyuma ya mlango, akapiga mpira mwingine kwenye ubao, si kwa mazoezi, ila kwa kumkumbuka. Mghoi jikoni akasikia mlio ule, nyumba ikawa si kimya tena, naye akaanza kumshukuru Mungu kwa mpangilio. Kwa mume aliyeishi naye miaka arobaini na mmoja. Kwa jicho lililoona. Kwa mdomo uliosema. Kwa mikono iliyokosea kwa upendo. Kwa mtoto aliyemwita nyanya. Akaona kwamba orodha yake ya shukrani haina wa kwanza wala wa mwisho, na kwamba mpira ni mmoja.

Akauweka ndani ya sufuria yenye doa jeusi usije ukabiringika, akakaa karibu nao.

Hapo ndipo nilipowafikisha. Bila jicho, Mkamburi angekuwa bado anafagia vitunguu. Bila mdomo, jina lake lingebaki chini ya mstari. Bila kosa la mikono, mpira ungempita kushoto naye angezunguka kama wengine. Mmoja anapoteza macho, mmoja hajawahi kushukuriwa, mmoja amelala udongoni akiamini kwamba alimpotosha mtoto. Na mwamuzi ni mjane wake, aliyepewa hukumu kwa sababu alinyamaza. Ijumaa jioni msichana atabisha mlango. Je, wewe ungekuwa Mghoi, ungeamua vipi?

Jibizaneni polepole, na msitukanane. Lakini kabla hamjaanza, inamisheni vichwa pamoja naye.

Ee Mungu wetu, seremala Mwasaru alikuja kwako na alama ya majivu kwenye paji la uso na huzuni moyoni. Mpokee. Mwambie, kwa kuwa sisi hatukuwahi kumwambia, kwamba mpira uliingia. Umnyooshee yaliyopinda, umpe kiti cha kupumzikia, na sisi tuliobaki utupe kushukuru mpaka tutakapokutana naye. Amina.